Fulana, sare au kanuni ya maneno mawili: kuchagua utaratibu wa mavazi katika ofisi ya wabunifu

Katika ofisi ya matangazo nilikoanzia kazi ya usanifu wa picha, nyuma ya mlango wa chumba cha mikutano palitundikwa koti moja la kijivu ambalo halikuwa na mwenyewe. Mgeni angedhani mtu amelisahau. Lilikuwa koti la wote: mteja mkubwa alipopiga simu kusema yuko njiani, yeyote aliyetakiwa kuwasilisha michoro alilichukua, akalivaa juu ya fulana yake, akaukunja mkono wa kulia ili doa la wino lisionekane, kisha akaingia. Tangazo la kazi lililonipeleka pale lilisema kwa fahari kwamba ofisi hiyo haina kanuni yoyote ya mavazi. Nilikaa karibu mwezi mzima ndipo nikaelewa kwamba kanuni ilikuwepo, na kwamba ilikuwa imetundikwa msumarini.

Watu wengi wanaochagua mahali pa kufanyia kazi ya ubunifu, na hata viongozi wanaotakiwa kuamua wafanyakazi wao wavae nini, hulinganisha vitu viwili tu, suti upande huu na jinzi upande ule, na hitimisho huja lenyewe kwamba penye jinzi ndipo penye uhuru. Ulinganisho huo ni mwepesi mno kumsaidia mtu kuchagua, kwa sababu nguo anayovaa jirani yako wa meza haikuelezi ni nani aliyemruhusu kuivaa, wala kitakachotokea siku ukija na nguo tofauti na yake. Naona ni heri kulinganisha taratibu zenyewe. Zipo ofisi zisizo na kanuni yoyote iliyoandikwa; zipo zinazolegeza masharti siku moja ya wiki; zipo zenye sare; zipo zenye mwongozo mrefu; na zipo zenye kanuni fupi ya sentensi moja au mbili. Kwa kila mojawapo nitauliza kwanza jambo lile lile, yaani ni nani anayebeba mzigo wa kukisia kinachoruhusiwa, kwa kuwa mzigo huo niliubeba mimi na bado ninauona ukiwaelemea wageni wa kazi.

Pasipo na kanuni

Tuanze na utaratibu unaosifiwa kuliko yote. Sifa zake si za uongo. Mpiga picha anayelala kifudifudi sakafuni ili apate pembe anayoitaka, msanifu anayekata kadibodi kwa kisu na kupaka gundi, mhariri wa video anayekaa kiti kimoja kwa saa tisa, hakuna hata mmoja wao ambaye suti humsaidia kwa lolote. Anayeanza kazi hahitaji kukopa ili anunue makoti kabla ya mshahara wa kwanza. Hata kiyoyozi kinahusika: mwaka 2005 serikali ya Japani ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz, ikawahimiza wafanyakazi wa ofisini kuvua tai na makoti wakati wa kiangazi ili vyumba viachwe kwenye nyuzi 28, badala ya kupozwa kwa ajili ya watu waliojifunika sufu. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba hesabu inayotumika sana kupangia joto la majengo ya ofisi imejengwa juu ya mwili wa mwanamume wa makamo mwenye uzito wa kilo 70 hivi, jambo linaloeleza kwa nini wanawake wengi hufanya kazi wakiwa wamejikunyata. Anayeweza kuvaa sweta nzito bila kuulizwa amepata nafuu ya kweli, na sitaki kuidharau.

Taabu inaanzia kwenye neno "utakavyo". Siku yangu ya kwanza katika ofisi ile nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai ya bluu ambayo kaka yangu alinisaidia kuifunga, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa kuamini kwamba mtu huenda kazini. Mkuu wa wabunifu alinitazama, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimefiwa. Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilipofika saa ya chakula cha mchana tai ilikuwa imekunjwa mfukoni, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa na fulana nyeusi nne zisizo na maandishi, kama walizovaa wenzangu wote, pamoja na raba nyeupe za aina moja na zao. Hakuna aliyeniamuru. Wahenga walikwisha kusema kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho, na ofisi inayojisifu kwa kutokuwa na kanuni huweza kuwa hodari sana wa kuhesabu nani kafumba na nani bado.

Wapo, hata hivyo, wasiolazimika kufumba. Mwaka 2014 Journal of Consumer Research, jarida la utafiti wa tabia za wanunuzi, lilichapisha majaribio ambamo wanafunzi walielezwa habari za profesa na kutakiwa kukadiria hadhi yake. Walipoambiwa kwamba anafundisha katika chuo cha daraja la juu, walimpa hadhi kubwa zaidi yule mwenye ndevu na fulana kuliko yule aliyenyoa na kufunga tai. Pale ambapo chuo hakikutajwa kuwa cha daraja la juu, fulana haikumwongezea kitu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtazamaji humheshimu anayekiuka desturi pale tu anapoamini kuwa amekiuka kwa kutaka, wala si kwa kukosa au kutojua. Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alipokwenda New York mwaka 2012 kukutana na wawekezaji akiwa amevaa sweta yake ya kofia, mchambuzi mmoja wa masoko alisema hiyo ni dalili ya kutokomaa, lakini mwenye sweta ndiye aliyekuwa na kampuni. Mwanagenzi aliyevaa sweta ile ile angeelekezwa mlango wa kupokelea vifurushi.

Kwa hiyo fulana ya mkurugenzi na fulana ya mwanagenzi si vazi moja, hata kama zimetoka kwenye bunda moja la dukani. Anayesoma tangazo la kazi lenye picha za watu waliovaa kila mmoja lake ajiulize ni watu wa ngazi gani waliopigwa picha hizo.

Mzigo wa kukisia, tena, hauwaangukii wote kwa kipimo kimoja. Meza iliyokabiliana na yangu alikaa mwenzetu mmoja aliyevaa hijabu, mchoraji mwepesi wa mkono ambaye penseli zake zilichongwa zote kwa urefu sawa. Siku ofisi ilipoamua kupiga picha ya pamoja ya kuweka kwenye tovuti, ziliagizwa fulana za mikono mifupi zenye nembo, na hakuna aliyekumbuka kwamba yeye hawezi kuivaa hivyo. Akaivaa juu ya shati la mikono mirefu. Mpiga picha akasema mistari ya shati inaharibu mpangilio. Akasogezwa pembeni, kisha akasogezwa tena, hadi picha ilipotoka akaonekana bega. Alipolalamika, jibu alilopewa lilikuwa kwamba hapa hatuna masharti ya mavazi, kwa hiyo hakuna aliyemkosea. Nililifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Pangekuwa na karatasi hata ya mistari mitatu, angeweza kuuliza ni mstari gani alioukiuka, au ni mstari gani wao walioukiuka. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi, alibaki akibishana na hisia za watu.

Sheria za baadhi ya nchi zimeanza kufika mahali ambapo hisia hizo hufanya kazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, dhidi ya Abercrombie & Fitch katika kesi ya msichana aliyenyimwa kazi dukani kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwani. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa inauza jinzi na fulana, mavazi ya kujiachia hasa, huku wauzaji wake wakibanwa na sera ya mwonekano iliyokataza kofia za aina yoyote. Mwaka 2019 California likawa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya nywele zake za asili, zikiwemo za kusuka na rasta. Ofisi za ubunifu hupenda kujiona ziko mbele ya sheria katika mambo haya. Baadhi ziko mbele kweli. Nyingine hazijawahi kuulizwa tu.

Jambo la mwisho kuhusu utaratibu huu ni la saa. Mara mbili nimeona orodha ya marupurupu ya kazi ikitaja uhuru wa mavazi mstari mmoja na chakula cha jioni ofisini mstari unaofuata, na mara zote mbili chakula hicho kilikuwepo kwa sababu hakuna aliyetoka kabla ya saa tatu usiku. Sisemi kwamba jinzi huleta usiku mrefu. Ninasema kwamba mtu aliyevaa nguo zake za nyumbani, akala ofisini, akalala kidogo kwenye kochi la ofisi, hupoteza ile alama ndogo ya kuvua nguo za kazi ambayo ingemwambia yeye na mkubwa wake kuwa siku imekwisha.

Siku moja ya wiki

Utaratibu wa kulegeza masharti siku ya Ijumaa una historia ya kufurahisha kuliko manufaa yake. Hawaii mwaka 1962 chama cha watengeneza nguo kiliwagawia wabunge wa jimbo mashati ya maua, mawili kwa kila mbunge, ili waone jinsi yanavyofaa kwa joto la kwao, na kufikia mwaka 1966 Ijumaa ya mashati hayo ilikuwa imekubalika maofisini. Miongo miwili na ushei baadaye, mwaka 1992, Levi Strauss ilichapisha kijitabu cha kuwafundisha waajiri mavazi ya kawaida ya ofisini, ikakituma kwa mameneja wa rasilimali watu takriban 25,000 kote Marekani, na picha za humo, ungetarajia nini kingine, zilionyesha suruali za kampuni hiyo. Katika hatua zote mbili aliyepigania uhuru wa mfanyakazi alikuwa muuza nguo.

Kwa ofisi ya wabunifu sioni sababu ya kuuchagua. Humlazimu mfanyakazi kuwa na makabati mawili, moja la siku nne na jingine la siku moja, na humtaka akisie mara mbili. Benki na mawakili wanaweza kuwa na sababu zao.

Sare

Ukimtajia mbunifu neno sare, atarudi nyuma kana kwamba umemtajia gereza. Hata hivyo baadhi ya mahali penye ubunifu mkali kuliko pote pamevaa sare kwa hiari. Maison Martin Margiela, nyumba ya mitindo iliyoanzishwa Paris mwaka 1988, iliwavisha watu wake koti jeupe la pamba linalofanana na la maabara, desturi iliyotoka kwa mafundi wa zamani wa vyumba vya ushonaji, na fundi, karani na mwanagenzi wote walifanana mbele ya mgeni. Anayeingia hawezi kujua kwa macho nani mkubwa, kwa hiyo analazimika kusikiliza anachoambiwa. Faida hiyo ndogo wengi hawaifikirii wanapoisema sare vibaya.

Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu nchini Ujerumani, inatoa somo la namna nyingine. Johannes Itten, aliyefundisha kozi ya awali tangu 1919, alinyoa kichwa na kuvaa joho kama la mtawa, na baadhi ya wanafunzi wakamfuata. Alipoondoka mwaka 1923 nafasi yake ilichukuliwa na László Moholy-Nagy, ambaye alipenda kuvaa ovaroli ya fundi wa mitambo ili ionekane kwamba msanii ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Karibu na wakati huo, mwaka 1922, msanii Aleksandr Rodchenko alibuni huko Urusi vazi la kazi lenye mifuko ya zana, likashonwa na mkewe, Varvara Stepanova, naye mbunifu mashuhuri. Watu hawa hawakuwa wakitafuta kuvaa vyovyote. Walichukua vazi kuwa sehemu ya hoja yao kuhusu kazi, na hoja hiyo ilionekana kabla hawajafungua kinywa.

Tatizo la sare ni nani anayeitaka. Mwaka 1981 mbunifu wa mitindo Issey Miyake aliitengenezea Sony koti la nailoni ambalo mikono yake iliweza kufunguliwa likabaki kizibao. Steve Jobs alipoitembelea Sony alivutiwa na jinsi sare ilivyowaunganisha watu, akarudi Marekani na wazo kwamba wafanyakazi wa Apple nao wavae kizibao kilichobuniwa na Miyake. Walimzomea. Akaachana na wazo hilo, akamwomba Miyake amshonee yeye mwenyewe sweta nyeusi za shingo ndefu, na akapata kama mia moja. Sare ile ile iliyokuwa kero kwa wengi iligeuka kuwa wepesi kwa aliyeitaka, kwani hakuhitaji tena kuamua asubuhi avae nini.

Kwa uzoefu wangu, sare hufaa pale ambapo mikono inachafuka au pana hatari: kwenye karakana ya kuchapa kwa wavu wa hariri, kwenye ufinyanzi, kwenye useremala wa seti za filamu, kwenye mashine yoyote inayoweza kuvuta upindo wa nguo. Sharti zake ni mbili na sizioni kama za kujadili. Mkubwa wa mahali naye aivae, na mwajiri ailipie. Sare inayovaliwa na wadogo peke yao ni alama ya cheo, na sare inayokatwa kwenye mshahara ni kodi.

Mwongozo mrefu

Mwaka 2010 benki ya UBS ya Uswisi iliwapa baadhi ya wafanyakazi wa matawi yake mwongozo wa mavazi wa zaidi ya kurasa 40, ulioeleza hadi rangi ya nguo za ndani. Watu wa magazeti waliucheka hadi benki ikaahidi kuufupisha. Ni rahisi kwa mbunifu kucheka pamoja nao.

Lakini kilichoandikwa kina sifa moja ambayo kisichoandikwa hakina: kinaweza kushikwa mkononi na kupingwa. Mwaka 2015 mpokezi mmoja jijini London alirudishwa nyumbani bila malipo siku yake ya kwanza kwa sababu alivaa viatu bapa badala ya mchuchumio wa inchi mbili hadi nne uliotajwa katika kanuni. Aliuliza kama wanaume nao hutakiwa kuvaa mchuchumio, akachekwa. Ombi lake la kutaka sheria ibadilishwe lilipata saini zaidi ya 150,000, na mwaka 2017 wabunge wa Uingereza wakalijadili bungeni. Angekuwa amerudishwa kwa sababu ya mtazamo wa mtu tu, bila inchi zilizoandikwa popote, sijui angeanzia wapi.

Kasoro halisi ya mwongozo mrefu, kwa maoni yangu, ni kuishi kuliko sababu yake. Wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walijulikana kwa miongo mingi kwa suti za rangi iliyokoza na mashati meupe. Louis Gerstner, aliyeiongoza kampuni hiyo tangu 1993, alieleza kwamba desturi hiyo ilianza na akili nzuri kabisa: Thomas Watson, kiongozi wa zamani wa IBM, aliwataka wauzaji wake wavae kama wateja wao, ambao wakati huo walikuwa wakuu wa makampuni waliovaa suti. Wateja wakabadilika, suti zikabaki. Mwaka 1995 Gerstner aliiondoa desturi hiyo bila kuweka nyingine mahali pake, kwa hoja kwamba mtu avae kulingana na siku yake na watu atakaokutana nao. Ofisi za wabunifu zinaweza kufikwa na jambo hilo hilo kwa upande wa pili, zikashikilia fulana nyeusi miaka mingi baada ya kusahau kwamba ilianza kuvaliwa kwa sababu wino hauonekani juu yake.

Sentensi moja

Uamuzi wa Gerstner unatupeleka kwenye utaratibu ninaoupendelea, ingawa nitautia dosari kidogo. Mary Barra, alipokuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni ya magari ya General Motors baada ya mwaka 2009, aliukuta mwongozo wa mavazi wa kurasa kumi, akauondoa wote na kuweka maneno mawili ambayo kwa Kiswahili nayo ni mawili: vaa inavyofaa. Upinzani ulitoka mahali asipopatarajia. Kiongozi mmoja wa ngazi ya juu alimwandikia kulalamika kwamba timu yake huitwa ghafla kukutana na maofisa wa serikali, na watu wake watakuwa wamevaa jinzi. Barra alimwambia akae na timu yake wazungumze. Baada ya muda mfupi kiongozi yule alirudi na suluhisho: watu wanne wanaohudhuria mikutano hiyo wataweka suruali za heshima kwenye makabati yao.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya koti letu la kijivu. Suluhisho la General Motors na la ofisi yetu yanafanana kwa nje, kwani yote mawili ni nguo ya akiba kwa ajili ya mgeni. Tofauti ni kwamba wale walikaa wakalizungumza, kila mtu akaweka suruali ya kipimo chake. Koti letu lilikuwa la mwanamume mrefu. Wanawake wawili wa timu yetu walipolivaa liliwafika karibu na magoti, wakaonekana kama watoto waliovaa nguo za baba, na taratibu, bila mtu yeyote kuamua, wakaacha kutumwa kuwasilisha kazi, ingawa michoro mingi tuliyoiuza ilikuwa yao. Mmoja wao alipohama, alipata nafasi ya juu kuliko sote ndani ya miaka miwili, mahali alipotakiwa kusema mbele ya wateja kila wiki.

Dosari ya kanuni fupi ni hiyo hiyo ya neno "inavyofaa", kwani kufaa kuna mwamuzi, na mwamuzi ana macho yake. Ikiachwa kwa meneja mmoja anayeona nywele za rasta hazifai au sketi fulani haifai, maneno mawili yatabana kuliko kurasa kumi. Kinachoiokoa ni mazungumzo ya timu yanayoandikwa, hata kwa mistari michache, pamoja na mambo machache yanayotajwa wazi kuwa hayako chini ya hukumu ya meneja.

Je, nguo huongeza ubunifu?

Swali hili huulizwa sana na wanaotaka kuamua haraka. Mwaka 2012 watafiti wawili walitangaza kwamba waliovaa koti jeupe waliloambiwa ni la daktari walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la umakini kuliko walioambiwa ni koti la mchoraji. Habari ikaenea kote. Mwaka 2019 timu nyingine ilirudia mojawapo ya majaribio hayo kwa watu wengi zaidi, matokeo yale yakakosekana. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulihusisha mavazi rasmi na kufikiri kwa mapana, jambo ambalo mpenzi wa suti angeweza kulitumia kudai kwamba suti ndiyo vazi la ubunifu. Ushauri wangu ni kuyaacha madai haya nje ya uamuzi. Chagua utaratibu kwa jinsi unavyowatendea watu. Michoro mizuri nimeiona ikitoka kwa waliovaa kila kitu.

Unapochagua

Ukiwa mtafuta kazi, usiulize kwenye usaili kama kuna kanuni za mavazi, kwani jibu utakalopewa ni lile la tangazo. Uliza siku mteja anapokuja huwa inakuwaje, na nani huenda kumwona. Uliza mtu wa mwisho kujiunga alivaa nini siku yake ya kwanza. Wakicheka kabla ya kukujibu, umepata habari. Watazame waliokaa mbali na mlango, si wa mapokezi, na uone kama pana watu wazima waliovaa kama watu wazima, kwa sababu ofisi ambayo kila mtu amevaa kama kijana wa miaka 24 huwa na namna yake ya kuwaeleza wa miaka 50 kwamba wamepitwa. Ikiwa unavaa vazi la dini, au nywele zako zina historia ya kusemwa, nakushauri uipendelee ofisi yenye karatasi, hata kama karatasi yenyewe inachosha, kuliko yenye tabasamu peke yake. Ikiwa huna hofu hiyo na unachohitaji ni starehe ya mwili kwa saa ndefu, ofisi isiyo na kanuni itakufaa, mradi uchunguze hizo saa.

Ukiwa kiongozi wa watu wachache wanaofanya kazi ya meza, kanuni fupi iliyozungumzwa na wote inatosha. Ukiongoza karakana, chukua sare na uivae wewe kwanza. Ukiwa na wateja wa suti, amueni mapema nani anahitaji nini na kila mmoja awe na chake. Wanaofanya kazi wakiwa nyumbani, mikutano ikiwa kwa video, wana mtihani wao mdogo wa kuvaa nusu ya juu ya mwili kwa ajili ya ofisi na nusu ya chini kwa ajili ya sebule. Sioni haja ya kuwatungia chochote, isipokuwa kutowalazimisha kuwasha kamera bila taarifa.

Katika studio ninayofanyia kazi sasa tuko saba, na kanuni yetu tuliiandika kwa pamoja mchana mmoja. Inasema kwamba kila mtu avae nguo inayofaa kazi ya siku hiyo; kwamba anayeshika mashine ya kukatia asivae kitu kinachoning'inia; kwamba vazi la dini, nywele na michoro ya mwilini si mada ya meneja; na kwamba studio ikitaka vazi maalumu, studio inalinunua kwa kipimo cha mvaaji. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno moja zaidi, "nadhifu", lililopendekezwa na mimi. Tulibishana juu yake karibu nusu saa, kwa sababu palikuwa na wawili miongoni mwetu waliovaa jinzi zilizotoboka magotini siku hiyo, mmoja akiwa ameinunua hivyo kwa bei kubwa na mwingine ya kwake imetobolewa na msumeno wiki iliyopita, na hakuna aliyeweza kueleza ni ipi kati ya hizo mbili ingekuwa si nadhifu. Neno hilo tulilifuta.